Vitambaa vya Mashine Nyeupe

Mashine ya gemu haiuawi na yule anayebamiza pedi ya kuchezea chini akifungwa goli. Huyo ndiye anayeilisha. Inauawa na watu wazuri, wenye adabu zao, wanaoinunua kwa furaha, wakaiweka sebuleni, wakaifunika kitambaa, halafu wasiiguse tena. Najua ninachosema, maana vitambaa hivyo nilikuwa nikiwapa mimi mwenyewe, bure, na vilifumwa na mama yangu.

Tulikuwa na fremu moja ya duka mjini Tabora, kwenye barabara inayoteremka kutoka sokoni. Naiita yetu, lakini ilikuwa ya kupanga. Mama aliipanga baada ya baba kufariki, mimi nikiwa darasa la pili, akawa anauza humo nyuzi, vifungo na vitambaa vya kufuma, vile vya kutandika juu ya makochi na meza. Alikaa kwenye benchi mlangoni, miguu ameinyoosha, sindano ya kufumia mkononi, na mji mzima unapita mbele yake. Huyu anamwamkia, yule anamwachia mzigo akienda sokoni, mwingine anasimama kumsimulia ugomvi wa nyumbani kwake mpaka jua linampiga utosini. Niliwahi kumshauri apumzike nyumbani kwetu Chemchem, maana miguu ilishaanza kumvimba. Alinitazama kama nimemtukana.

"Siku ukinifungia nyumbani," akasema, "ujue umenizika. Udongo utanimwagia baadaye."

Basi. Nilipoishika biashara ile mikononi mwangu, kazi yangu ilikuwa moja tu: yule mwanamke asitoke kwenye lile benchi. Mengine yote ya duka yalikuwa njia ya kufikia hapo.

Vitambaa peke yake havikuwa vinalipa tena. Nikaongeza chaja, redio, spika, nyaya za kila aina. Ndipo akaja kaka mmoja wa reli. Alikuwa mtu mzima, mvi mbili tatu kwenye ndevu, anafanya kazi kwenye treni ile inayokunja Kaliua kwenda Mpanda. Akamwamkia mama, shikamoo, marahaba, kisha akaniuliza kama nina diski za gemu za ile mashine nyeusi ya kuchezea kwenye runinga. Sikuwa nazo. Akaniambia nizilete, atanunua. Nikamwona mwongo, mzee mzima na gemu wapi na wapi! Lakini nikaagiza tatu kutoka Kariakoo, kwa kumjaribu. Alipopita tena akazichukua zote, na kabla hajatoka akauliza zinazofuata zinakuja lini.

Akaleta wenzake. Wa reli, wa bodaboda, nesi mmoja wa kiume kutoka hospitali ya Kitete aliyekuwa anakuja na sare yake akitoka zamu. Nikawawekea runinga na mashine nyeusi kule nyuma ya duka, penye nafasi kidogo, ili waonje diski kabla ya kununua. Jamani, kelele! Mtu akifungwa anatukana mpaka kuta zinatetemeka. Pedi zilikuwa zinavunjika kama vikombe vya msibani, nao wanazilipa na kununua nyingine palepale, hawalalamiki. Wanabishana kuhusu gemu ambazo hata hazijatoka. Mimi walikuwa wananichosha. Mama, kinyume chake, alikuwa anawapenda. Wakiingia wanamwinamia, wakitoka wanamwachia karanga, na mmoja akishindwa mama anamwita mlangoni amcheke vizuri. Alijua nani mkewe amejifungua na nani amehamishwa kituo. Mimi nilikuwa nauza nao, wala sikujua hata mmoja ana watoto wangapi.

Nikiri jambo hapa. Mimi mwenyewe sijawahi kucheza gemu mpaka mwisho. Sikuelewa kinachowashika watu wale. Nilidhani ni ugonjwa.

Kisha ikaja mashine nyeupe. Jina lake siwezi kulitaja. Ilikuwa ndogo, safi, inapendeza, na badala ya pedi yenye vitufe chungu nzima ilikuwa na kijiti tu. Unakishika, unakipunga hewani kama unafukuza nzi, na kwenye runinga mpira unaenda. Nikaiweka mlangoni, karibu na mama. Siku ya kwanza alipita mwanamke na mtoto mgongoni, nikampa kijiti, akapunga mara moja, akashinda. Alipiga kigelegele! Watu wakajaa mpaka barabarani. Bibi mmoja aliweka chini kapu lake la viazi na yeye akapunga. Mashine nyeusi haijawahi kuchezwa na bibi, katika maisha yangu sijaona.

Ilikuwa msimu wa masoko ya tumbaku. Watu wa kwetu wanaujua msimu huo. Mkulima akishalipwa tumbaku yake anashuka mjini na mkewe, wanakwenda duka kwa duka, wananunua godoro, bati, baiskeli, na kitu kimoja cha kuonyesha majirani kwamba mwaka huu haukuwa bure. Mwaka ule kitu hicho kilikuwa mashine nyeupe. Walitoka Urambo, walitoka Kaliua, walishuka kwenye treni wakauliza njia ya kuja kwangu. Walimsalimia mama kwa Kinyamwezi, "Mwangaluka, mayu," naye anaitikia huku anawapisha kwenye benchi. Na hapo ndipo nilipojiona mjanja. Nikamwambia mama afume vitambaa vya saizi ile, vyeupe, vyenye pindo la rangi, na kila anayenunua mashine apewe kimoja cha kuikinga na vumbi. Weee! Wanawake waliposhika kile kitambaa, mume hakuwa na la kusema tena.

Mama alikuwa anafuma mpaka vidole vinakakamaa. Sijapata kumwona na raha vile. Alikuwa anamwambia kila mtu kwamba biashara ya mwanawe inasimama juu ya sindano yake, na ilikuwa kweli.

Zile pesa za kuagizia diski za mashine nyeusi nikazihamishia zote kwenye mashine nyeupe. Kaka wa reli akija anaulizia diski, namwambia bado. Akija tena, bado. Na kelele zao kule nyuma zikaanza kuniudhi zaidi, maana wake wa wakulima walikuwa wanaingia na watoto, na matusi yale, astaghafirullahi. Asubuhi moja nikawaambia watoke. Nilisema kwa sauti kubwa, mbele ya wateja. "Hapa ni dukani, si kijiweni! Mwenye kutaka kupiga kelele akapigie kwao."

Walitoka mmoja mmoja. Nesi alimuaga mama kwa mikono miwili. Kaka wa reli akabaki nyuma kidogo, akakitazama kile kijiti.

"Dada," akasema, "hawa wa vitambaa ni watu wema. Lakini mwakani watanunua nini kwako?"

"Watanunua diski, kama nyinyi."

"Umewauliza?"

Nikamjibu ovyo. Nilimwambia wivu unamsumbua, mtu mzima na ndevu zake kazi kung'ang'ania michezo ya kitoto kwenye runinga. Akacheka kidogo, akamwamkia mama tena kana kwamba ndiyo kwanza anafika, akaenda zake.  Nakumbuka siku ile mama alifuma amenigeuzia mgongo.

Mwakani kukafika. Niliagiza diski za mashine nyeupe nikazipanga ukutani, safu kwa safu, zinang'aa. Nikangoja. Masoko ya tumbaku yakafunguka, wakulima wakashuka mjini, wakapita mlangoni kwangu na godoro kichwani. Wakamsalimia mama vizuri sana. Wakaulizia afya yangu. Hakuna aliyeingia. Mwaka ule kitu cha kuonyesha majirani kilikuwa friji.

Nikasema labda ni umbali, labda hawajui diski mpya zimekuja. Nikapata safari ya Kaliua, kwenye kipaimara cha binti wa mteja wangu mmoja. Baba yake alinunua mashine kwangu, akanunua na spika mbili, nikamhesabu kuwa mteja mkubwa. Walinipokea kama mtu wa ukoo. Sebule imefagiliwa, makochi yana vitambaa, runinga ina kitambaa, na pembeni, juu ya meza yake peke yake, mashine nyeupe chini ya kitambaa cha mama yangu. Nikakifunua. Nailoni ya kijiti haijatolewa.

"Hamchezi?" nikamwuliza mama mwenye nyumba.

"Tunacheza! Tunaitoa wageni wakija. Ilitolewa Pasaka, alipotutembelea padri. Alituchapa wote." Akacheka mpaka machozi.

"Sasa mbona hamji kuchukua diski nyingine? Zimekuja nzuri."

Akanitazama kwa mshangao wa kweli, wala hakuwa ananitania. "Nyingine ya nini, dada? Ile tuliyopewa nayo bado nzima. Haijaharibika hata kidogo."

Nilikaa na soda yangu nisijue niiweke wapi. Ebo! Alikuwa sahihi. Godoro ukinunua, huendi kununua jingine kabla hilo halijachoka. Kwao ile mashine ilikuwa kitu kilichokamilika, kama saa ya ukutani, na walikuwa wanaitunza kuliko nilivyotunza mimi kitu chochote. Nilitaka kumkasirikia nikashindwa. Aliniongezea pilau.

Niliporudi nilimpigia simu mtu wangu wa Kariakoo. Nikamweleza kwamba diski hazitoki. Akasema hata yeye hazitoki, hata kwa waliomwuzia hazitoki, dunia nzima ni hivyo hivyo. Wanaotengeneza gemu wamechoka, wamehamia kwingine, maana mashine zile zimeuzwa nyingi ajabu na hakuna anayerudi kununua cha kuchezea. Na wachezaji wenyewe, wale wa kelele, walishaondoka zamani, waliona hawafanyiwi cha kwao. "Mashine yenyewe hawaileti tena, dada," akasema. "Ulizonazo uza kwa bei yoyote."

Nikakata simu. Nikaona kwamba wale wakubwa wa huko ng'ambo, na majengo yao na watu wao waliosoma, walifanya kosa lilelile nililolifanya mimi kwenye fremu ya futi kumi. Walimwona bibi na kapu la viazi anapunga kijiti, wakadhani wamepata mteja. Walipata mgeni. Mgeni anafurahisha, anajaza nyumba, na unamwandalia kila kitu, na ukishamaliza kumwandalia anaaga. Tabora yetu tunaambiwa tangu shuleni kwamba ilijengwa na wapita njia, misafara ikitoka pwani inapumzika hapa kabla ya kwenda Ujiji. Utadhani tungekuwa tumejifunza kitu. Mimi sikujifunza.

Niliwatafuta wale wa kelele. Nilijikaza, nikameza kiburi changu, nikamfuata kaka wa reli stesheni. Nikamwambia runinga ya nyuma ipo, nitaagiza diski zao, waje. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema wamepata mahali karibu na Kitete, jamaa anawaagizia kila kinachotoka. "Tumeshazoea kule, dada," akasema. Hakukuwa na ubaya ndani yake. Ningefurahi kama angenitukana. Akaniulizia mama, akanipa karanga nimpelekee.

Baada ya hapo hakuna cha kusimulia sana. Fremu ilikwenda. Leo mle ndani wanakaanga chipsi, na benchi la mama wanalikalia wanaosubiri kufungiwa.

Lakini mama hajui. Ndivyo nilivyojiambia. Miezi michache kabla ya kufunga, miguu yake ilikataa kabisa, daktari akasema akae, ainyanyue juu ya mto. Akakaa nyumbani Chemchem akisema ni kwa muda, miguu ikipungua anarudi mlangoni kwake. Nami sikuweza kumwambia kwamba mlango haupo. Jamani, mngeweza nyinyi? Nilipata kazi kwenye duka la mtu, la vyombo. Kila asubuhi naaga kwamba naenda dukani, na mama ananipa kitambaa alichomaliza. "Mpe mteja wa leo," anasema. Jioni ananiuliza, "Kimetoka?" Nasema kimetoka. "Alhamdulillahi," anasema, na uso wake unatulia, na mimi naenda chumbani kwangu, nakitoa kitambaa kwenye mkoba, nakisukumia kwenye gunia chini ya kitanda.

Tumeishi hivyo mwaka na zaidi. Kilichonipita, na sijui kilinipitaje mimi niliyekulia kwenye duka la nyuzi, ni kwamba mama alikuwa haniombi uzi.

Wiki iliyopita alinipa kitambaa asubuhi kama kawaida, cheupe, pindo la bluu. Niko njiani nikakitazama vizuri. Kilikuwa na madoa madogo ya kahawia, moja huku, moja kule, yametawanyika kitambaa kizima kama kuku kapita na miguu michafu. Nikasimama barabarani. Doa la rangi ile nilikuwa nalijua. Miezi mitatu nyuma nilimwagia chai kitambaa kimoja kazini, doa moja kubwa, la mviringo, katikati, halikutoka kwa sabuni yoyote. Nilikiingiza kwenye gunia hivyohivyo. Sasa doa lile lilikuwa mkononi mwangu, limekatikakatika vipande, kwenye kitambaa kingine.

Nilirudi nyumbani nikakuta mama yuko bafuni. Nikaingia chumbani, nikainama, nikavuta gunia. Lilipaswa kuwa limeshiba, maana nimelijaza mwaka mzima. Lilikuwa na vitambaa vinne.

Anatambaa. Mtu ambaye hawezi kufika jikoni bila kushika ukuta, mimi nikishatoka anatambaa mpaka chini ya kitanda changu, anachukua kitambaa, anakifumua, anakifuma upya, kesho yake ananipa nimpelekee mteja wa leo. Tangu lini, sijui. Nililirudisha gunia mahali pake, nikatoka kimyakimya, nikaenda kazini nimechelewa, na mwenye duka akanifokea, nikashukuru kupata kisingizio cha kulia.

Jioni nilimkuta pale pale, miguu juu ya mto.

"Kimetoka?"

"Kimetoka, mama."

Nikangoja Alhamdulillahi yake. Haikuja. Alikuwa ananitazama, macho yale yaliyojua mke wa nani amejifungua. Akaniuliza kitu ambacho katika siku zote zile hakuwahi kuniuliza.

"Na huyo mteja, atarudi?"

Nilitafuta uongo sikuupata. Nilikuwa nimechoka, mwili mzima unauma. "Hapana, mama," nikasema. "Hawarudi."

Akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyeambiwa bei aliyokuwa anaijua. Akanyoosha mkono kuelekea mkoba wangu.

"Basi nipe hicho," akasema. "Sina uzi wa kesho."

Nikakitoa, nikampa. Akautafuta mwisho wa uzi kwa ukucha, akaupata, akaanza kufumua mbele yangu.